Mtego wa Mzee Thibitisha

Ukimwambia mvua inanyesha, anakwenda kwanza dirishani. Ukimwambia chai iko tayari, anafunua birika na kuchungulia. Ndiyo maana pale ofisini tulimwita Mzee Thibitisha, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Nadhani alilionea fahari. Alitunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya wanafunzi, katika vyumba vilivyokuwa juu ya duka la magodoro. Mimi nilikuwa mpangaji wa kurasa. Msahihishaji alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole kama maji mtungini. Mzee mwenyewe ndiye aliyemleta kazini.

Balaa lilianza washindani wetu walipotoa kamusi yao. Mzee aliifungua, akasoma, akavua miwani. Mifano yao ilifanana na yetu, neno kwa neno, ilhali yetu ilikuwa bado haijatoka.

"Kuna mtu anatuuza," aliniambia, sauti chini. "Kikulacho ki nguoni mwako, binti yangu."

Tangu siku hiyo alifunga droo hata akienda msalani. Mfagiaji akiimba, alisikiliza maneno ya wimbo. Mimi nilichekewa na kushukiwa kwa zamu. Lakini jicho lake lilitua kwa shemeji, kwa kuwa, ukiniacha mimi, ndiye pekee aliyeshika kurasa zote.

Wakati huo Mzee alikuwa kwenye herufi M, amezama katika neno *mole*. Alilipenda neno lile kwa sababu lilimpa ushahidi kuwa hata maneno hujificha. Alinieleza huku akigonga meza kwa kalamu. Kwanza ni fuko, mnyama anayechimba chini ya ardhi. Zamani Waingereza walimwita kwa jina refu lenye maana ya mrusha udongo, kisha wakalikata. Pili ni doa jeusi la ngozini, na hilo lina asili yake, neno la kale la waa. Tatu ni ukuta wa mawe unaokinga bandari, neno lililotoka kwa Warumi, ambao kwao lilikuwa na maana ya tungamo kubwa.

"Wageni watatu wamevaa kanzu moja," alisema. "Wa nne tu ndiye ndugu wa fuko: jasusi anayekaa ndani ya nyumba ya watu, akichimba taratibu."

Alipotaja huyo wa nne alitazama meza ya shemeji.

Watunzi wa kamusi wana hila yao ya zamani. Huingiza maana ya uongo, ili anayenakili ajinase mwenyewe. Mzee akaongeza maana ya tano: kigoda cha fundi viatu. Akaniapisha ninyamaze, nami, mjinga, nikanyamaza. Hesabu yake ilikuwa hii: shemeji akiwa mwaminifu, atauliza kigoda hicho kimetoka wapi. Asipouliza, basi hajali, maana macho yake yako kwingine.

Shemeji alirudisha kurasa zikiwa zimejaa masahihisho mekundu. Kigoda hakukigusa.

"Umeona?" Mzee alininong'oneza. Uso ulimkunjamana. Akaamua kuiacha maana hiyo palepale, angoje ichomoze katika toleo lijalo la washindani. Mkurugenzi akatuharakisha, kitabu kikaenda mtamboni, na kigoda kikachomoza kwetu.

Mwalimu mmoja alipiga simu kuuliza. Mkurugenzi akatuita wote, kamusi mkononi, akamtazama shemeji. "Hii imepita kwako. Ukurasa una saini yako. Nipe sababu moja ya kukuacha kazini."

Shemeji aliinama kuutazama ukurasa. Ana watoto wanne yule. Nilimtazama Mzee nikiwa nimejaa hasira, maana siku mbili kabla alikuwa amegundua ukweli na kunieleza: ile mifano iliyofanana ilikuwa katika kamusi kuukuu ya maktaba. Sisi na washindani tulichota katika kisima kimoja. Mwizi hakuwepo.

Mzee aliinuka polepole. "Nimeiweka mimi," alisema. "Makusudi. Nilikuwa namtega."

"Ulikuwa unamtega nani?" Mkurugenzi aliuliza.

Shemeji ndiye aliyejibu. "Mimi."

Kisha akamgeukia Mzee, na sauti yake haikupanda. "Shemeji, kile kigoda nilikiona. Nilikitafuta kila mahali, sikukipata. Nikasema, huyu hawezi kuandika kitu asichokihakikisha. Nikaona haya kukuuliza."

Mzee aliomba radhi mbele yetu, na baadaye nyumbani, mbele ya mkewe. Shemeji alisema yameisha. Hakufukuzwa, bado anasahihisha, bado wanasalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto. Ukiwaona utadhani hakuna kilichotokea.

Juzi nilimpelekea shemeji kurasa mpya. Alizipokea, akazipigapiga mezani zikae sawa, lakini hakuanza kusoma.

"Dada," aliniuliza, "humu amenitegea nini?"

Nilitaka kumwambia hakuna kitu. Badala yake nilivuta kiti, nikaanza kuzikagua naye, mstari kwa mstari.