Hatamu Niliyomsingizia Delmar Pokorny

Mwaka juzi Delmar Pokorny alikuwa na miaka sabini na minane, na hamsini kati ya hiyo ameshona ngozi kwenye gereji nyuma ya nyumba yake, hapa kwetu kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska. Hakuwahi kuweka kibao mlangoni. Mwenye tandiko bovu la farasi alijua pa kwenda. Akikutajia bei, haongezi wala hapunguzi. Marehemu mume wangu Roy, na baba yake kabla yake, hawakununua kitu cha ngozi kwa mtu mwingine, na ukoo wa Haskett ulijulikana hivyo.

Majira ya kuchipua mwaka huo, familia ya Tibbetts ilimwita mjukuu wangu Lorna aje na farasi kukamata ndama kwa kamba siku ya kuwachoma alama. Kazi hiyo haiombwi; unaitwa. Wengi hushindana na ndama chini vumbini, wanaoitwa kupanda farasi ni wachache, na tangu Roy azikwe hakuna Haskett aliyekuwa ameitwa. Hatamu yetu ya zamani ilikuwa imepasuka. Nikaenda kwa Delmar.

"Nataka nzuri, na isinimalize," nilimwambia.

Akatoa moja nyeusi isiyo na urembo wowote. Akaukunja mkanda wake mbele ya macho yangu. "Tazama hapa. Ngozi mbovu ingeonyesha nyufa. Hii ni pande moja nene, haikubandikwa vipande viwili. Mshono wa mkono. Na chuma cha mdomoni nimekifunga kwa kamba ya ngozi."

"Kamba, Delmar? Kama kiatu cha mchunga kondoo?"

Akacheka. "Farasi hajali, Bibi Haskett. Skrubu hulegea. Ukinunua ya skrubu, zikaze kila unapopanda, na uzipake rangi ya kucha zisizunguke."

"Rangi ya kucha! Umeanza kuuza vipodozi?"

Nikaondoka mikono mitupu. Katika duka moja mjini North Platte nilipata nyingine yenye maua ya fedha yanayong'aa, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya Delmar. Ilinuka rangi. Sikuikunja. Skrubu zake nazo sikuzigusa. Lorna alipoiona akadhani ni kazi ya Delmar, nami nikamwacha adhani.

Asubuhi ya siku yenyewe Darlene Tibbetts aliyashika yale maua ya fedha ya hatamu. "Jamani! Bibi Haskett, mmeitoa wapi hii?"

Watu kama ishirini walikuwa wamesimama pale na vikombe vya kahawa. Niliona aibu kusema nimeiokota dukani kama mgeni.

"Kwa Delmar," nikasema. "Sisi tunanunua kwingine wapi?"

Lorna alivuta ndama saba hadi motoni, vyuma vya alama vilipopashwa, vizuri kabisa. Alipokwenda kumfuata wa nane, skrubu moja ikatoka, chuma kikachomoka kutoka mdomoni mwa farasi, naye farasi, bila kitu cha kumzuia, akakimbia kuelekea motoni palipokuwa na watu. Wakatawanyika. Lorna akarushwa, akavunjika mfupa wa bega.

Wade Tibbetts, mume wa Darlene, aliiokota hatamu akachungulia tundu tupu. "Skrubu. Mzee Delmar siku hizi anatumia skrubu?"

"Macho yamekwisha yule," mmoja akasema. "Asije akatuua."

Wote wakanigeukia. Nilijua la kusema. Ningelisema pale pale, mambo yangeishia pale pale.

"Ni umri tu," nikasema.

Kufikia Julai hakuna gari lililosimama kwa Delmar. Wade alighairi tandiko alilokuwa ameagiza kwake. Lorna, mkono ukiwa umefungwa kifuani, alitaka kwenda kumpasulia ukweli mzee wa watu. Nikamzuia: "Mwache, mwanangu, keshazeeka." Akanikumbatia, akaniambia nina moyo mzuri. Usiku huo na siku zilizofuata nililala vibaya.

Hatimaye nikaenda. Delmar alikuwa akishona mkanda wa mbwa.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema, nikamweleza yote.

"Nilijua," akajibu bila kuinua kichwa. "Tangu nianze kazi hii sijatia skrubu kwenye hatamu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mjane wa Roy ni mwongo? Nani angeniamini mimi?" Akavuta uzi mpaka mwisho. "Radhi yako nimeipokea. Lakini aliyedanganywa si mimi, Bibi."

Alhamisi, siku ya mnada wa ng'ombe, mgahawa wa pale mnadani huwa umejaa. Lorna alikuwa amekaa meza moja na Wade na Darlene. Nikasimama mbele yao, nikasema kwamba ile hatamu niliinunua North Platte, kwamba Delmar alinionya juu ya skrubu nikamcheka, na kwamba nilimsingizia.

"Sijasikia, Bibi," Wade akasema. Hakuwa ananikejeli; sikio lake la kushoto ni bovu. "Hebu rudia."

Nikarudia kwa sauti kubwa, kama mwalimu darasani. Safari hii hata mpishi alitoka jikoni kusikiliza.

Wade akaacha chakula chake mezani, akachukua kofia, akaenda kwa Delmar. Wengine walirudi polepole. Familia mbili hazijarudi hadi leo, wanasema wameshazoea North Platte.

Lorna aliendesha gari maili thelathini kurudi nyumbani. Langoni kwetu ndipo aliposema, "Miezi miwili nimemchukia yule mzee, bibi, na wewe unanitazama."

Mwaka uliofuata, siku za kuchoma alama zilipokaribia, Wade alipiga simu, nikapokea mimi.

"Hujambo, Bibi Haskett. Naomba kuongea na Lorna."

Zamani angeniambia mimi, nami ningetoa jibu la nyumba nzima. Nikamwita Lorna, nikampa simu, nikatoka nje nikafunga mlango.