Foleni ya Kijerumani

Thelma Ackroyd amefundisha Kijerumani katika shule yetu ya Cragthorpe kwa miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo amepandisha sauti mara moja tu, akimfokea panya. Mimi ni Winnie, wa jikoni. Thelma hazitaki chipsi zangu. Huja na mkate wake mweusi, mzito kama tofali, na tango la siki. Tabia hiyo aliipata akiwa na miaka kumi na minne, alipokaa wiki tatu kwa mwoka mikate mmoja karibu na Kassel, Ujerumani, akarudi kwetu Yorkshire, Uingereza, mtu mwingine. Mama yake alikuwa ametarajia arudi na mafua tu.

Zamani alipata wanafunzi arobaini kila mwaka, na chumba chenye madirisha. Siku hizi chumba chake kipo ubavuni mwa boila la kupashia shule joto, na darasa zima linaenea kwenye meza tatu.

Ndipo chuo kikuu cha jiji kikaamua kutuokoa. Kilimtuma Dokta Pym, bwana mwembamba mwenye skafu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mashuleni akikipenda Kijerumani mbele ya watu. Alileta stika, kalamu, na bango la kusimamisha ambalo kila baada ya dakika kumi lilijikunja lenyewe na kurudi ndani ya kasha lake kwa kishindo. Kila ziara aliimalizia kwa fomu: je, ziara hii imebadilisha mawazo yako, kutoka moja hadi tano? Hata mimi nilijaza. Niliandika tatu, kwa adabu.

Machi mwaka jana mkuu wa shule, Bwana Lumb, alimwita Thelma ofisini. Alipotoka alikuja jikoni, akaanza kulikata tango lake vipande vidogo mno.

"Kumi na mawili, Winnie. Jioni ya kuchagua masomo nisipopata majina kumi na mawili, Septemba hakuna Kijerumani."

"Na wewe?"

"Nitakuwa nawalinda watoto waliopewa adhabu."

"Si una Dokta Pym?"

"Ninaye. Na bango lake."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na roho ikaniuma.

Jioni yenyewe, kila somo lilikuwa na meza yake ukumbini, na wazazi walipita na watoto wao wakiandikisha majina. Tulianza saa kumi na mbili, mwisho saa mbili. Kufika saa moja, Thelma alikuwa na majina matatu. Dokta Pym alikuwa anapigana na bango.

Soketi ya kona yangu ya kila mwaka ilikuwa imeungua, kwa hiyo birika kubwa la chai nililiweka ukutani, nyuma ya meza ya Thelma. Naapa sikuwa na hila yoyote, angalau hadi hiyo saa moja. Aliyetaka chai ilimbidi apite mbele ya Thelma, na foleni ikasimama hapo hapo mbele yake. Sasa, watu wetu wakiona foleni hawaulizi, wanaingia. Wakishaingia hawatoki, maana kutoka ni kuwatukana walio mbele na walio nyuma.

Wa kwanza kwenye foleni hiyo alikuwa Garth Sugden, fundi bomba, na binti yake.

"Karibuni Kijerumani," Thelma alisema.

Garth aliitazama chai. Akawatazama watu kumi na watano nyuma yake.

"Ee. Naam. Kijerumani, ndiyo."

"Baba!"

"Nyamaza, Beth. Watu wanangoja."

"Bwana Sugden," Thelma akasema, kwa sababu ni mwaminifu hadi anakera, "kama mlikuja kwa chai, chai ni hapo nyuma."

"La, la, mwalimu. Samahani. Chai baadaye." Akatia sahihi. Alimwomba radhi Thelma, akamwomba radhi binti yake, na alipoligusa bango kwa bega akaliomba radhi nalo.

Nakiri kwamba baada ya hapo nilianza kumimina polepole. Kikombe ambacho kwa kawaida hukijaza kwa pumzi moja, nilikijaza kama ninayetia dawa ya macho. Foleni ikafika mlangoni. Dokta Pym akalipiga picha bango lake, na foleni nyuma yake.

Saa mbili kasoro dakika tano, majina yalikuwa kumi na moja. Thelma aliyahesabu kwa kidole, akayahesabu tena. Ndipo Bwana Lumb, aliyekuwa ameongea tangu saa kumi na mbili hadi koo limekauka, akafika mbele ya foleni na binti yake Tamsin. Nyuma yao alisimama mwenyekiti wa bodi ya shule.

"Mkuu," Thelma alisema, "Kijerumani, au chai?"

Angeweza kusema chai. Mtu wa kwingine kokote angesema chai.

"Baba, mimi nilishachagua maigizo," Tamsin alinong'ona.

Mwenyekiti alikohoa kidogo.

"Kijerumani," Bwana Lumb alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Bila shaka. Samahani."

Mwezi wa Mei ikaja bahasha kutoka chuo kikuu, na ndani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha kuishukuru shule yetu, ambako bango lilikuwa limezaa matunda makubwa kupita shule zote. Ya pili ilisema idara ya Kijerumani ya chuo hicho inafungwa, kwa kuwa wanaoomba kujiunga nayo wamepungua mno.

Thelma alizisoma zote mbili amesimama karibu na sinki langu. Nilidhani atalia, nikamtafutia kitambaa, nikajikuta ninakitumia mwenyewe.

"Na Dokta Pym?"

"Julai anafunga kasha lake." Alikunja karatasi taratibu. "Maskini. Na wao hawana wa kuwatembelea."

Aliumaliza mkate wake. Kisha akageuka kutazama rafu ya juu.

"Siku yao ya kuwapokea wanaotaka kujiunga na chuo ni Juni, imeandikwa hapa. Winnie, shoga yangu, lile birika lako linaingia kwenye buti ya gari langu?"

Nilikwenda kulipima.