Khalfan, Nguruwe na Taa ya Kona

"Nguruwe simchukui," alisema Khalfan, akairudisha karatasi mezani kwa kidole kimoja, kama vile ilikuwa na mafuta. "Hata wa kuigiza simtaki. Nikifa leo nikaulizwa, nitajibu nini?"

"Utajibu ulikuwa unaigiza," akasema Ghati, jirani yake.

"Na wewe utakuwepo kunitetea?"

"Huko utakakokuwa wewe mzee, mimi sina mwaliko."

Watu wakacheka, isipokuwa Laure. Laure ni mzaliwa wa Bukavu, anapanga vitabu katika maktaba ya mji, na alikuwa amepigana mwezi mzima kwenye kamati ya sherehe ili mwaka huu waigizaji watoke kwenye magorofa ya wahamiaji, siyo kwenye zile nyumba nzuri za juu ya kilima. Maana Harlow Mills, mji mdogo wa Marekani ulio kati ya Riverdale Park na Laurel, una mchezo wake. Kila Machi huigiza kikao kimoja cha baraza lake la zamani, la enzi barabara zikiwa tope na mifugo ikilala popote ilipochokea.

Kikao cha mwaka huu kilikuwa cha mwaka 1887. Raia mmoja alikuwa amemshtaki jirani yake kwamba nguruwe wake huzurura ovyo. Taa ya mafuta ya kona ilikuwa haijawashwa, raia akajikwaa kwa nguruwe gizani, akaanguka na mtungi wake wa asali. Laure ndiye aliyekichagua kikao hicho kati ya vingi vilivyopo maktaba. Alipoulizwa kwa nini hicho, alisema kilikuwa kifupi, na hakumtazama mtu.

"Papa Khalfan," alisema sasa, "ile ni histoire, ni historia. Alikuwa nguruwe, hatuwezi kumgeuza mbuzi."

"Basi mpeni mwingine. Mimi mtu wa Pangani, nisimame mbele ya watu niseme nguruwe wangu, nguruwe wangu? Mke wangu atanipikia tena?"

"Nguruwe nipeni mimi," Ghati akasema. "Mama yangu kule Tarime alifuga nguruwe, ndio walionisomesha mpaka la saba. Nina deni nao. Huyu mzee mpeni yule mlalamikaji. Kulalamika kwake hakuhitaji mazoezi."

Hapo Ghati hakumwonea. Khalfan huyu, kabla bahati nasibu ya green card haijamleta Marekani, alikuwa karani wa ushuru sokoni Tanga, na mtu akishaishi miaka yake akibishana na wauza nyanya, ulimi haurudi tena kuwa wa kawaida. Huku anaendesha gari la kupeleka wagonjwa wa figo kliniki ya Lanham. Hulalamikia mashimo ya barabarani, mkate unaouzwa ukiwa umekatwa tayari, na vijana wanaomsalimia kwa kuinua kidevu. Wagonjwa wake humpenda, kwa sababu akianza kunung'unika wao husahau sindano.

Lakini lalamiko lake kubwa lilikuwa moja, na hilo hakuwahi kulitoa mdomoni mbele ya wahusika. Kona ya kituo cha basi, hapo chini ya magorofa, haikuwa na taa. Nguzo ipo, kichwa cha taa kipo, mwanga hakuna. Basi la jioni huwashusha hapo kinamama wanaotoka kuosha na kulisha wazee wa watu, wamechoka, miguu imevimba, na wakati wa baridi ardhi ni barafu tupu. Mmoja wao ni mkewe, Mwanakheri, ambaye goti lake moja halina adabu. Kila akichelewa, Khalfan husimama sebuleni akitazama kiatu chake, hamsikii anayezungumza naye.

Kwa hiyo aliamua kulipeleka jambo barazani. Baraza la mji hukutana kila mwezi, na mwananchi yeyote ana dakika tatu za kusema lake, kisha kengele inalia. Khalfan akavaa koti, akaenda, akaitwa, akasimama.

Akaanza kusalimia.

Utafanyaje? Huingii kwenye nyumba ya watu ukaanza na taa. Alimsalimia meya. Aliwasalimia madiwani, mmoja mmoja, kuanzia aliyekaa kulia. Aliwapa pole kwa kazi, pole kwa theluji, akauliza hali ya diwani mmoja aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, akafurahi kusikia nyonga inaendelea vizuri, akamshukuru Mungu kwa nyonga hiyo. Akasema, "Sasa basi, waheshimiwa, lililonileta," na kengele ikalia.

Ikawa hivyo mwezi uliofuata, na uliofuata, mpaka miaka mitatu ikapita. Madiwani walimpenda kuliko mtu yeyote mjini. Wengine huja kuwafokea, huyu huja kuwajulia hali. Krismasi moja walimpelekea kadi, wamesaini wote, hata wa nyonga.

"Ruka salamu," Ghati alimwambia.

"Nikiruka salamu watajua nimekuja kuomba."

"Si umekwenda kuomba?"

"Ndiyo. Lakini wasijue haraka hivyo."

Akawa anakwenda kituoni mwenyewe kila jioni, tochi mkono mmoja, chupa ya chai mkono wa pili. Chupa ile aliitoa Tanga, ina maua mekundu ubavuni, na kwa namna alivyoizungumzia ungedhani ilikuwa na pasipoti yake. Jioni moja ya Januari, akiwa anakata kona na tochi imeishiwa betri, alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la taka la Ghati. Ghati amepanga vyumba vya chini kwenye nyumba ya pale konani, na pipa alikuwa amelitoa nje lisubiri gari la taka. Pipa likaanguka, Khalfan akaanguka, na chupa ikalia ndani, chwaa, kama glasi zote za harusi zimevunjika pamoja.

"Utanilipa chupa yangu."

"Taa ndiyo imekuvunjia, kaidai taa."

"Taa haina magurudumu, Ghati. Lililonigonga lina magurudumu."

Tangu hapo hawakuonana bila kulirudia.

Basi Khalfan akaichukua karatasi ya mlalamikaji, akaisoma, akaivua miwani, akaivaa tena. "Hapa pameandikwa raia ataeleza malalamiko yake. Dakika ngapi?"

"Hakuna dakika," Laure akasema. "Zamani zile mtu alikuwa anasema mpaka amalize."

"Mpaka amalize?"

"Mpaka amalize, papa."

Aliikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati, akaubonyeza mara mbili. Usiku ule Mwanakheri alimsikia bafuni akikohoa kwa heshima mbele ya kioo.

Jumamosi ya sherehe ukumbi wa mji ulijaa. Venuste, Mrundi anayehubiri kanisa la Riverdale Park na ambaye hahitaji kipaza sauti, ndiye aliyekuwa meya wa 1887. Alivaa kofia ndefu nyeusi iliyomshuka mpaka kwenye nyusi, na ndevu za pamba. Ghati aliingia akimkokota nguruwe wa kitambaa, mkubwa, wa waridi, kwenye kamba ya mbwa, na amemfunga kanga kiunoni ili asionekane hana kwao. Meya wa kweli na madiwani wake waliketi safu ya mbele kama wageni wa heshima. Walipomwona Khalfan wakatabasamu. Rafiki yao amekuja kuwasalimia.

Naye hakuwaangusha. Alimsalimia Venuste na ndevu zake. Alisalimia baraza lote la mwaka 1887, akauliza hali za farasi, akawapa pole kwa tope, akamwombea afya diwani aliyeandikwa kwenye karatasi kuwa hakuhudhuria kwa sababu ya homa. Meya wa kweli, kwa mazoea tu, alitazama saa ya ukutani. Hakuna kilicholia.

"Mzee," Ghati akasema, "nguruwe wangu anazeeka."

"Namalizia na wewe, jirani. Hujambo?"

"Sijambo. Endelea."

Salamu zikaisha. Khalfan akasimama pale, mdomo wazi kidogo. Maishani mwake hakuwahi kufika mbali kiasi hicho mbele ya baraza, na mikono hakujua aiweke wapi. Akatazama nyuma. Mwanakheri alikuwa kwenye kiti cha pembeni, goti amelinyoosha.

"Lililonileta," Khalfan akasema.

Alianza vizuri, na mtungi wa asali na nguruwe. Kufikia sentensi ya nne nguruwe alikuwa na magurudumu mawili na kifuniko cha kijani, na mtungi ulikuwa na maua mekundu. Watu wa magorofa walishikana mabega kwa kicheko. Watu wa kilimani nao wakacheka kwa kuwa wenzao wanacheka.

"Nguruwe wangu alikaa pale baraza lilipotaka akae," Ghati akajibu, "siku ya kuzoa taka."

"Mwaka huu wa 1887 hatuna siku ya kuzoa taka," Venuste akasema.

"Ndiyo maana mna nguruwe, mheshimiwa."

Khalfan alingoja kicheko kiishe. Kisha akaendelea, kwa sauti ya chini, na karatasi alikuwa haishiki tena. "Lakini kosa si la nguruwe peke yake. Kona ile ni giza. Kinamama wanashuka pale wakishikana makoti kama watoto wa chekechea. Mimi nasimama na tochi, betri ni zangu. Basi likiondoka, mke wangu namtambua kwa kikohozi. Miaka mitatu sijamwona uso anaposhuka. Nikisikia mtu ameteleza, nangoja kwanza nisikie ni nani."

Hata nguruwe alionekana kusikiliza.

Meya wa kweli akainuka kwenye kiti chake. "Samahani, hiyo ni kona gani?"

Venuste akagonga meza mpaka ndevu zikahama. "Wewe wa safu ya mbele, hapa tunasikiliza kesi. Ukitaka kusema, subiri uitwe. Una dakika tatu."

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa kilimani alitoa leso akafuta macho. Meya, uso umemwiva, alisubiri akaitwa, akasimama vizuri. "Bwana Khalfan, miaka yote hii unakuja kwetu. Kwa nini hukutuambia?"

"Nilikuwa bado nawasalimu," Khalfan akasema.

Venuste akasoma hukumu kama ilivyokuwa mwaka ule: baraza liwashe taa yake, na mwenye nguruwe amlipe jirani mtungi. Ghati akasema atakata rufaa, akamtia nguruwe kwapani, akatoka.

Taa iliwaka Aprili. Fundi alipanda nguzo asubuhi, na jioni kona ilikuwa nyeupe kama meza ya hospitali. Khalfan alikwenda na tochi yake vilevile. Alimkuta Ghati kituoni, amesimama kando ya pipa lake, ameshika chupa ya chai mpya, ya buluu.

"Haina maua," Khalfan akasema.

"Yenye maua nimetafuta mpaka Laurel. Kunywa."

Alimimina. Khalfan akanywa, akainamisha kichwa, akanywa tena. "Tangawizi umeionea huruma."

Basi likafika. Kinamama wakashuka, kila mmoja peke yake bila kushika koti la mwenzake, wakakodoa macho juu. Mwanakheri akashuka wa mwisho, goti mbele, na Khalfan akamwona kabla hajakohoa.

"Mbona umenuna?" akamuuliza.

"Sijanuna. Ndivyo nilivyo nikitoka kazini. Ulikuwa hunioni."

Alimpokea mkoba, akampa kikombe. Ghati akalishika pipa lake aliburute kwenda ndani, magurudumu yakapiga kelele.

"Khalfan. Deni limekwisha?"

Khalfan aliinua chupa kwenye mwanga, akaizungusha, akaibonyeza kifuniko. "Inavuja kidogo hapa."

"Khalfan."

"Limekwisha," akasema.