Inchi Moja ya Mguu wa Kushoto

Fundi hakuwa mwanamke wa daftari. Viuno, mabega na mikono ya wateja wake wote alivihifadhi kichwani, na mafundi walioandika vipimo aliwacheka waziwazi. Tuseme ukweli, alikuwa na majivuno na kichwa hicho. Sasa ndicho kilichomkosesha raha.

Kaka yake, aliyemfundisha kazi, alianza kwa kuvunjika kifundo cha mguu wa kushoto akishuka vidato viwili tu vya ngazi. Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi. Miaka kumi baadaye alisahau namna ya kutunga uzi kwenye cherehani, kisha jina la mkewe, na hakufika hamsini. Watu, ambao hawakosi la kusema, walisema karogwa. Daktari alisema mengine. Ubongoni kuna seli za kinga zinazofagia uchafu, na juu ya seli hizo kuna kipokezi kinachozijulisha uchafu ulipo. Kipokezi kikiwa kibovu, seli hukaa tu, na ubongo hufa polepole. Mifupani zimo seli za ukoo huohuo, ndiyo maana mifupa hutangulia kuvunjika. Mgonjwa hurithi ubovu huo kwa baba na kwa mama, wote wawili.

"Na mimi ni wa baba na mama haohao," Fundi alimwambia daktari.

Mwaka jana alivunjika mkono akinyanyua pasi. Akatolewa damu. Majibu yalipokuja, aliitumbukiza bahasha kwenye kopo la vifungo bila kuifungua. Aliogopa, basi. Kila asubuhi alijipima mwenyewe kimyakimya: kiuno cha mwalimu, thelathini na sita, bega la muuza maziwa, kumi na tano. Vyote vilikuwepo. Wifi yake, mjane wa kaka, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, alimsikia akinong'ona.

Siku moja mwalimu alirudi na suruali yake mpya mkononi.

"Fundi, leo umeniweza. Mguu mmoja umenipunja kitambaa."

"Miguu yako ndiyo haielewani, mwalimu. Lete nione."

Akaitandaza mezani, akavua futi shingoni. Kushoto kulipungua inchi moja kamili, na pindo lilikunjwa vizuri, bila haraka, kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Maishani mwake alikuwa amemkatia mtu mmoja tu suruali za namna hiyo.

Wifi aliweka sindano chini. Naye aliutambua mguu ule.

Mwalimu aliahidiwa suruali nyingine, akaondoka akicheka. Fundi alikaa.

"Wifi, nimechoka kujificha. Nitolee ile bahasha kwenye kopo, tuisome."

Wifi hakuinuka.

"Tuliisoma Jumatatu, wifi yangu. Ulilia mpaka nikafunga duka."