Pikapu ya Mansuetus kwenye Mchanga wa Chiwanda

Mansuetus Kinunda hakuwa mtu wa kujisifu kwa maneno. Alijisifu kwa rangi. Chama cha ushirika kilipoegesha malori yake kwa mara ya mwisho, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milima ya Umatengo na mizani zao za kuning'iniza, madereva wenzake waliuza makoti yao ya kaki, wakafungua vibanda vya soda pale Mbinga mjini. Yeye aliomba pikapu moja, Land Rover iliyokuwa imesimama juu ya mawe nyuma ya karakana, injini haiwaki, kuku wa mlinzi wanatagia kitini. Alipewa iwe kiinua mgongo chake. Waliompa walicheka hata machozi yakawatoka.

Aliifufua polepole, kama mtu anavyouguza mgonjwa asiyekuwa na ndugu mwingine. Injini ilipowaka aliipaka rangi ileile ya kijani ya malori ya ushirika. Watu walimwambia ushirika umekufa.

"Rangi haijafa," akajibu.

Lakini gari la kuwaka ni jambo moja na kazi ya gari ni jambo jingine. Wanunuzi wa kahawa walikuwa na magari yao mapya yaliyotoka Dubai, na kubeba abiria waning'inie kama ndizi Mansuetus alikataa. Akabaki akiiosha kila Jumamosi na kuifunika. Wiki nzima alishika jembe kwenye shamba la maharage, na mjini wakaanza kumwita Dereva wa Maharage. Mtu aliyewahi kushusha tani za kahawa kwenye milima ile wakati wa masika bila kuangusha hata gunia, leo anaitwa hivyo na watoto waliokua wakiuza karanga za kupimwa kwa kikopo. Alipunguza tu kwenda mjini.

Ndipo akaja Bwana Cuthbert, mpima ardhi kutoka Songea. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kupenda kukaa chini. Alipewa kazi ya kupima vijiji vya mpakani, kuanzia ufukwe wa Ziwa Nyasa hadi Liparamba na kando ya Mto Ruvuma, kiangazi chote. Huko hakuna nyumba ya wageni. Alihitaji gari la kumbeba, kumlisha na kumlaza, kijiji hata kijiji, mahali ambapo njia yenyewe ni kumbukumbu tu ya njia.

"Shikamoo, mzee," alisema, akaizunguka pikapu mara moja. "Hii inaweza?"

"Marahaba. Inaweza."

"Kuna mfanyabiashara Songea ana Landcruiser. Ameshaniahidi. Lakini vyombo vyangu havitaki mtu wa haraka, na nasikia wewe huna haraka." Akakaa kwenye jiwe. "Tufanye hivi, mzee. Itengeneze. Ikiwa tayari unipeleke Chiwanda, tulale huko usiku mmoja. Tukifika, na nikilala vizuri, kazi ni yako. Tusipofika, narudi kwa yule wa Landcruiser, na tusilaumiane."

Jioni ile Mansuetus alimwambia mkewe, Edina, "Hii ndiyo ya mwisho, Mama Pankras. Ikishindikana, namuuzia mnunuzi wa kahawa, nami sishiki usukani tena."

Edina aliinjika chungu. Alijua mumewe hasemi jambo kama hilo mara mbili.

Ilitengenezwa pikapu. Siku hizi mtu akitaka kwenda kulala porini hununua kila kitu dukani, kimeshonwa na mashine asiyoijua, na kikichanika hukitupa. Mansuetus alianza na miti. Alichagua mbao za mninga, akapasua, akaranda mpaka uani kukawa kama kumenyeshewa maua mekundu. Akatengeneza sanduku refu la kujaa sehemu yote ya nyuma, lenye droo za kuvutwa kutoka mlangoni: moja ya spana na jeki, moja ya vyombo vya upimaji, iliyotandikwa blanketi, moja ya unga, maharage, chumvi na sufuria zilizopachikwa moja ndani ya nyingine zisipige kelele. Juu ya sanduku kulikuwa kitanda. Mlango wa nyuma ukishushwa, mguu mmoja ukikunjuliwa, unapata meza ya kulia. Madumu ya maji yalikaa ubavuni kwenye fremu za chuma, na karabai ilikuwa na kiota chake chenye pamba.

Turubai alilishona Luisa, mama aliyekuwa akishona maturubai ya malori ya ushirika. Tangu wanunuzi waje na nailoni zao, sindano yake kubwa ilikuwa imelala. Alishona kwa uzi uliopakwa nta, mishono miwili miwili. Likafungwa juu ya keria likafunika kitanda, na ukishusha pindo lake linakuwa kibaraza upande wa kulia wa gari.

"Mvua ikipita hapa," Luisa alisema, akivuta mshono kwa meno, "mniite mnichape."

Edina alisimamia upande wa jikoni. Yeye alikuwa mtu wa ziwani, kwao Chiwanda. Aliolewa milimani angali msichana, na mpaka leo shangazi za mumewe walimwita Mama Usipa, kwa vile visamaki vidogo vya ziwa la kwao. Aliitazama kazi ile na kuisifu, ila alipomwona mumewe akitandaza mawe chini ya sanduku, akasimama.

"Baba Pankras, mawe ya nini?"

"Ya kushika kilima. Gari jepesi nyuma linachezacheza kwenye utelezi."

"Kwetu hakuna kilima. Kuna mchanga. Padri wetu wa Anglikana alikuwa na gari, akifika ufukweni hupunguza upepo kwenye tairi na kumshusha hata mpishi."

"Tairi laini inachanwa na jiwe."

"Jiwe gani, baba? Jiwe umelibeba wewe."

Alicheka kidogo, kwa maana utani wa mkewe aliuzoea. Lakini mawe yalibaki. Dereva wa milimani hufundishwa mambo mawili kabla ya kufundishwa gia: kuweka uzito nyuma, na kujaza upepo mpaka tairi ilie kama ngoma. Sheria hizo zilikuwa zimemlinda miaka yote, na mtu hatupi kilichomlinda kwa sababu ya padri wa Chiwanda. Akajaza upepo.

Waliondoka asubuhi, Edina akiwa mpishi. Mteremko wa kwenda Mbamba Bay aliushuka kwa gia, mguu haugusi breki, na kila kona akipiga honi fupi kama madereva wa zamani. Ndani ya sanduku hakikugonga kitu. Bwana Cuthbert aliweka sikio, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akasinzia. Huko chini ziwa lilitanda buluu mpaka upande wa Malawi, na Mansuetus akajisikia ana miaka ishirini na mitano na lori limejaa.

Walipita Mbamba Bay, wakashika njia ya kusini. Karibu kabisa na Chiwanda kuna mto ambao kiangazi hubaki mchanga mtupu, mpana, mweupe. Mansuetus aliuingia kwa gia ya pili, kwa heshima. Katikati, gari lilipumua, likaketi. Akaongeza moto. Likazama. Alipofungua mlango, kizingiti kilikuwa sawa na mchanga.

Bwana Cuthbert alishuka, akatazama, akaenda kukaa kivulini ng'ambo. Kukaa kwake huko ndiko kulikomchoma Mansuetus. Alichimba mchanga mbele ya magurudumu, ukarudi. Akaweka jeki, jeki nayo ikazama. Jua lilianza kuelemea ziwani.

Watu wakatokea, maana gari lililokwama halikosi wageni. Mbele yao alikuwa Nazari, mdogo wake Edina, begani kabeba nyavu.

"Shemeji," alisema, "karibu nyumbani. Mbona umekuja na mlima wako?"

Watu wakacheka.

"Njoo usukume, Nazari, uache maneno."

"Nisukume nini? Hilo limeshaota mizizi. Ninyi Wamatengo mkikaa mahali siku moja mnalima. Lima ngolo basi, shemeji, tuvune maharage."

Wakacheka tena, hata Edina akafunika mdomo kwa kanga. Mansuetus hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa amesimama na beleshi mkononi, anautazama mchanga kama mtu anayesoma.

Ngolo ndiyo shamba la Wamatengo. Kwenye miteremko mikali, ambako mvua moja ingeusomba udongo wote hadi bondeni, hufyeka nyasi ndefu, huzilaza kwa mistari inayokatana mpaka mlima unakuwa kama umevikwa wavu, kisha hufukua udongo wa katikati na kuufunika juu ya nyasi. Vinabaki vishimo na matuta, na udongo haukimbii. Babu zao waliishi hivyo bila kuambiwa na mtaalamu yeyote. Kulaza nyasi ni kazi ya mwanamume. Kufukia ni kazi ya mwanamke. Leo utawaona vijana wakilima matuta ya moja kwa moja kwa sababu ni rahisi, na mvua inapita na shamba.

"Mama Pankras," aliita Mansuetus, "chukua beleshi."

Edina alimtazama, akaelewa, akajifunga kanga kiunoni.

Lakini kwanza ilimbidi Mansuetus afanye jambo gumu kuliko kuchimba. Mbele ya shemeji yake, mbele ya mpima na kijiji kizima, alivuta droo zote, akang'oa ubao wa chini, akaanza kuyatoa mawe. Moja moja. Kila jiwe lilipoanguka mchangani watu waliguna. Nazari alifungua mdomo.

"Shemeji, kumbe ulituletea na mafiga?"

"Kachukue mawili umpelekee mkeo," Mansuetus alijibu bila kuinua uso. "Nasikia mnapikia juu ya mabishano."

Safari hii wakamcheka Nazari. Kisha Mansuetus akachuchumaa kwenye tairi ya kwanza, akabonyeza valvu kwa ncha ya msumari. Upepo ulitoka ukilia. Maishani mwake hakuwahi kuusikia mlio ule kwa mkono wake mwenyewe, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayenyolewa kwa msiba. Edina alisimama karibu naye. Hakusema "nilikuambia." Wanawake wa namna hiyo nao wamepungua.

Baadaye akaenda ukingoni na panga, akafyeka nyasi ndefu na matete, akayabeba kwa mafungu. Akaanza kuyalaza mbele ya magurudumu, mstari kwa mstari, yakikatana, akirudi nyuma kinyumenyume kama afanyavyo shambani. Nyuma yake Edina alichota mchanga wa chini, ule wenye unyevu, akafukia juu ya nyasi, akakanyaga. Alikuwa msichana wa ziwani aliyejifunza kazi hiyo huku akichekwa na shangazi za watu, na sasa aliifanya mbele ya ndugu zake kwa mkono uliotulia. Watu waliacha kukaa, wakaanza kuleta nyasi. Nazari alitupa nyavu chini. Bwana Cuthbert alivua viatu, akaja na fungu kubwa, akauliza, "Hili niliweke vipi?"

"Likatane na lile, bwana mpima. Lisilale peke yake."

Njia ile ilipofika ng'ambo, Mansuetus aliingia garini, akaweka gia ya chini kabisa. Hakukanyaga moto kwa hasira. Aliachia klachi kama anayeweka mtoto kitandani. Gari likatikisika, likapanda juu ya nyasi, likaenda likinesanesa hadi ukingoni, na mawe yakabaki mtoni kama kaburi la mtu asiyejulikana.

Hapakuwa na shangwe. Mzee mmoja alisema, "Haya," na hiyo ilitosha.

Walilala karibu na kwa kina Edina, juu kidogo ya ufukwe. Mansuetus alishusha turubai la Luisa, akakunjua meza, akawasha karabai. Edina aliivuta droo ya unga na kukuta hakuna hata punje iliyomwagika. Walikula ugali na samaki alioleta Nazari, na Nazari alikula kuliko wote. Bwana Cuthbert alipanda kitandani kwake, akasikika akigeuka mara moja tu.

Mansuetus hakulala vizuri. Mpima alikuwa ameona gari lililozama, na ahadi ilikuwa kufika na kulala. Kufika walifika. Lakini mtu akitaka sababu ya kukataa, sababu ilikuwa pale mtoni.

Jua lilikuwa limeshachoma turubai Bwana Cuthbert alipotoka, uso umevimba usingizi. Alipokea chai, akainywa yote kabla ya kusema.

"Mzee, nilikuwa nimekwisha kuamua pale kivulini. Nisikufiche. Nilisema huyu kajenga kabati zuri, lakini mkaidi, na mkaidi ataniua Liparamba." Akaweka kikombe. "Halafu nikakuona unatoa yale mawe. Yule wa Landcruiser simjui kama anaweza kutoa mawe yake mbele za watu. Tunaondoka lini?"

"Nipe siku chache nibadili hizi mbao. Mninga ni mzito. Nitaweka nyepesi."

"Na mama aje."

"Mimi si spea tairi," alisema Edina kutoka mekoni, "lakini nitakuja."

Mansuetus aliitika kwa kichwa. Akachukua kitambaa, akaenda kuifuta pikapu vumbi lote, mlango hadi mlango, taratibu, na alipofika upande ambao mke wake hamuoni akasimama kidogo ameshika ukingo wa bodi.

Wakati wa kuondoka, Nazari alikuja mbio na kapu lake.

"Shemeji, nipakie mpaka Mbamba Bay. Nitakaa hapo nyuma."

Mansuetus, koti la kaki limefungwa vifungo vyote, alimtazama kutoka dirishani.

"Hili si gari la abiria, Nazari. Watu wanalala humu. Piga hodi kwanza."

Nazari akapiga hodi kwenye mlango wa nyuma, kwa adabu zote, na kutoka ndani Bwana Cuthbert, aliyekwisha kujilaza tena kitandani, akamwitikia karibu.