Saruji Haikungoja Mazishi

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya barabara, tukichanganya udongo na saruji ili malori ya miwa yasizame. Kwa hivyo mama aliponionyesha nyufa za nyumba yake, pana za kupitisha mkono, nilijua ubaya uko chini, si ukutani. Boma letu la Shinyalu lina udongo wa mfinyanzi unaofura kwa mvua na kupasuka kwa jua. Nikamwahidi nyumba nyingine, hatua chache mbele ya ile, juu ya udongo nitakaouimarisha mwenyewe. Nilijigamba sana.

Siku ya kazi majirani walikuja na majembe. Tulichimbua, tukaponda mabonge, tukamwaga saruji na maji, tukageuza mpaka rangi ikawa moja. Ilibaki kushindilia, na hiyo haingoji: saruji ikishakunywa maji, una saa chache tu. Nilikuwa nimeinua gogo la kushindilia mayowe yaliposikika boma la pili. Baba mdogo amekufa.

Majembe yaliwekwa chini palepale. Kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayeipiga ardhi.

"Mama, saa mbili tu. Hatuchimbi, tunashindilia."

"Utagonga mchanga na ndugu ya baba yako hajazikwa? Hapa hatufanyangi hivyo." Akaninyang'anya gogo.

Wa kulaumiwa ni mimi. Nilijua baba mdogo yuko hoi. Nilichagua siku kwa kuangalia mawingu, yeye sikumfikiria hata kidogo.

Mazishi yalingoja ndugu wa mbali, siku tisa, na kila alasiri mvua ilinyesha. Udongo ulishika hivyohivyo, mabonge magumu yenye mianya katikati, usiofaa kubeba hata choo. Nilirudi kazini nikisema Desemba nitauvunja nianze upya. Mama akaitikia tu.

Alikufa Julai, kwa kifua, ndani ya nyumba ileile, nyufa zikiwa zimezibwa kwa matambara. Nilichoka na dunia, na bado nimechoka.

Kaburi lilichimbwa mbele ya nyumba, ilivyo desturi. Sururu zilidunda. Mchimbaji mmoja akafuta jasho.

"Hapa mliwekanga nini? Inakataa kabisa."

Nilisimama nimsaidie, wazee wakanirudisha: mtoto hachimbi kaburi la mama yake. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikasikiliza sakafu ya nyumba niliyomwahidi ikivunjwa.