Annihilated, kwa Mwandiko Wangu

Neno annihilate nililipenda tangu kidato cha pili, hapa hapa Migori. Tulilitumia hovyo. Timu yetu ikishinda mbili kwa moja, tumewa-annihilate wapinzani. Sinia ya ugali na omena ikirudi jikoni tupu, nayo tumei-annihilate. Hata baada ya kuwa mwalimu wa Kiingereza, maana yake bado nilikuwa sijaipima.

Mwaka jana nyati walivunja ua wa mbuga, wakaingia shambani kwa mama karibu na Magunga na kukanyagakanyaga mahindi yake. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo fomu ya fidia niliijaza mimi. Ningeandika tu kwamba sehemu kubwa imeharibiwa, yakaisha. Wapi! Mwalimu mzima nikaandika kwa majivuno: The maize was annihilated. Mama akaweka kidole gumba chini yake, akaniamini.

Afisa wa wanyamapori alipokuja kukagua hasara, aliisoma fomu, akatazama kando ya ua, kisha akaniuliza polepole.

"Mwalimu, hii neno inamaanisha hakuna kitu imebaki. Sasa ile mahindi pale ni nini?"

Ilikuwa mistari miwili ambayo nyati hawakuigusa, imesimama wima, imeanza kubeba. Nilitamani kubishana naye, lakini alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema hawezi kutia sahihi uongo. Niandike fomu nyingine, naye angerudi wiki inayofuata.

Alipoondoka, mama, aliyekuwa jikoni muda wote huo, aliniuliza amesema nini. Nilikuwa na hasira na aibu, nikamjibu kwa mkato kwamba anatuita waongo kwa sababu ya mistari ile miwili. Sikumweleza kwamba kosa lilikuwa langu, wala kwamba fomu ingebadilishwa. Nikarudi kazini.

Ijumaa nilifika na fomu mpya, nimeandika kwa maneno ya kawaida. Mama alikuwa shambani. Mistari ile miwili, chakula pekee alichobakiwa nacho msimu ule, ilikuwa imefyekwa yote na kulazwa chini, mahindi yenyewe bado machanga. Nilimuuliza kwa ukali ni nani aliyefanya hivyo, ingawa panga lilikuwa mkononi mwake.

"Mwambie huyo afisa aje aangalie sasa," alisema. "Mtoto wangu haandiki uongo."